Sindano Moja na Kopo la Bibi Candide

Wodini, Mwanza
4 Juni 2023

Kwako mjukuu wangu Révérien,

Amahoro. Mimi bibi yako Candide bado ninapumua, kwa hiyo wale waliokwisha kugawana sufuria zangu hapo Mishamo wazirudishe. Shangazi yako Providence mzima, ananiletea uji kila asubuhi, mwepesi sana, mtu anaweza kuunawia uso. Watoto wake wazima, wamenenepa kwa kukaa. Msalimie Elizabeti mkeo. Maharage mmeshapiga? Ule muhogo wangu niliouanika juu ya jiwe kabla sijaumia, mmeuanua au mmewaachia mbuzi wa Nestori? Na kuku wangu? Na Katibu? Hujaniandikia habari za Katibu. Jogoo anayetangaza kikao kabla watu hawajaamka hastahili kusahauliwa.

Najua utasema kwa nini Bibi asipige simu. Simu ya Providence nimeikataa. Anaweka sauti ya nje, wodi nzima inasikiliza habari za mgongo wangu na kutoa maoni. Mimi nilisoma ngumbaru, nikajua kuandika, na sikujifunza ili kalamu ikae bure. Tena karatasi haiishiwi chaji.

Sasa jambo lenyewe. Jumanne wamenipasua mgongo. Mgongo huuhuu uliombeba baba yako tukitoka Burundi, ukafyeka pori la Mishamo, ukabeba lile gunia la mahindi siku uliposema, "Bibi, acha, nitabeba mimi," nami nikakuonyesha kwamba siachi. Ule mfupa uliochomoka ukabana mshipa wa miguu wameurudisha mahali pake, wakaufunga kwa vyuma na skrubu kama fremu ya baiskeli. Vidole vya miguu nimeanza kuvisikia. Kwa hilo nimewashukuru, adabu ninayo.

Lakini sikia hii. Yuko nesi mmoja hapa, Scolastica, Mfipa wa Namanyere, mtoto wa upande wetu kabisa. Kabla hawajaniingiza chumba cha kisu alinichoma sindano kwenye mpira wa dripu, akasema, "Bibi, hii ni ya kuzuia kidonda kisiingie wadudu." Nikasema vizuri, hiyo ya kwanza. Nilipozinduka nikangoja ya pili. Nikangoja. Kesho yake jioni nikamwita.

"Nesi, dawa yangu ya kidonda iko wapi?"

"Ulishapata, Bibi."

"Lini?"

"Kabla hujapasuliwa."

"Kabla! Kidonda kilikuwa hakijazaliwa, wewe ukakipa dawa?"

Akacheka na meno yote. Akasema dawa inatakiwa iwe imeshaenea kwenye damu wakati kisu kinaingia, ndipo inapofanya kazi. Wakishashona, kuongeza nyingine hakumlindi mtu zaidi. Kunaharibu tumbo tu, na kuwafundisha wadudu kuizoea dawa. Nikamwambia, "Kwa hiyo wadudu wana shule, na mimi niliishia ngumbaru." Akacheka tena. Ng'ombe wa Mwandu, yule mfugaji wa kwetu, akichomwa mwiba anapigwa sindano mpaka anasahau jina la mwenye zizi. Mimi nimetiwa vyuma, napewa moja, tena kabla.

Révérien, mimi si mjinga. Nilimsikia daktari akimwambia Providence pale mlangoni: usaha ukishuka mpaka kwenye vyuma, tutafungua upya, na safari hiyo miguu hatuahidi. Walidhani nimelala. Walikata mgongo, masikio hawakuyakata.

Kwa hiyo fanya hivi. Chini ya kitanda changu, nyuma ya ndoo ya mbegu, kuna kopo la maziwa ya unga. Ndani mna vidonge vya rangi mbili, vyekundu kwa vyeusi. Ni akiba yangu ya siku nyingi. Mtu akipewa dawa, akipata nafuu, anaacha zilizobaki, na mimi ndiye ninayeziokota. Nyingine ni za jino la Nestori. Zote nitumie kwa Makarius, kondakta wa basi la Mpanda, ananifahamu. Nitameza asubuhi na jioni, na nyingine nitazifungua ninyunyizie unga wake kwenye mshono, kama nilivyokufanyia goti ulipoanguka na baiskeli. Ulipona au hukupona?

Providence hajui. Asijue.

Mimi bibi yako, asiyependa kungojeshwa,
Candide


Mishamo
11 Juni 2023

Kwako Bibi mpendwa,

Shikamoo, na amahoro nyingi. Barua yako imefika, tumeisoma na Elizabeti mara nyingi. Sisi wazima. Maharage yamepigwa, mavuno si haba. Muhogo wako tuliuanua wenyewe kabla mbuzi hawajaamka, tukausaga, unga umetoka mweupe na unanukia vizuri. Kila tukisonga ugali tunakutaja. Mzee Nestori anakusalimu. Ile ngiri yake imezidi, Mpanda wamemwambia afanyiwe upasuaji, naye anasema ana kazi nyingi. Kazi zenyewe hatuzioni.

Kuku nao wamepata misukosuko kidogo. Kuna ugonjwa umepita kijijini, walianza kusinzia na kuharisha kijani. Usiwe na wasiwasi, niliwatibu kama ulivyonifundisha wewe mwenyewe.

Kuhusu kopo. Kopo nimeliona. Lipo palepale, kifuniko chake kizima kabisa.

Lakini Bibi, tuliwaza, mimi na Elizabeti. Huyo nesi amesomea. Kama amesema moja inatosha, si tumsikilize kwanza? Vidonge vyenyewe vimekaa sana, hatujui vya nani na vya lini. Wewe pumzika, kunywa uji wa Shangazi hata kama ni mwepesi. Je, kidonda kinauma? Kuna majimaji? Tuandikie.

Mjukuu wako,
Révérien


Nyegezi, kwa Providence
15 Juni 2023

Révérien,

Salamu nimepokea. Nyuzi wametoa jana, nimelala kwa Providence, chumba cha mbele, magari yanapita kichwani kwangu. Ndiyo habari zote.

Nilikuuliza dawa, umenijibu kifuniko. Kifuniko kinamezwa?

"Tuliwaza, mimi na Elizabeti." Nyie mnawaza tangu lini? Siku ya kuoa hukuwaza, ulikuja na binti wa watu saa ya kufunga kuku, ukasema Bibi huyu ndiye. Leo mgongo wangu una chuma ndipo mnakaa kuwaza.

Na kuku umewatibu kwa dawa gani? Sijasoma vizuri hapo. Na Katibu anawika? Mbona umewataja kuku wote kwa jumla kama mtu anayehesabu abiria?

Sikiliza. Kila saa naupima mwili wangu kama ni wa moto. Nikihisi mwasho, nasema ndiyo huo usaha. Nikisinzia namwona yule daktari na mlango wake. Sitaki kurudi pale kwenye kisu. Mtu akishaonja kutembea tena, hata hatua za kwenda chooni, hataki kurudishwa mahali ambapo anabebwa kama kitanda. Nitumie dawa yangu.

Mwambie pia Nestori, na watu wa kigango wote, kwamba hospitali wameshindwa kunipa dawa, na Candide anaponeshwa na kopo lake mwenyewe. Wasubiri waone nitakavyoingia kanisani kwa miguu.

Usipotuma, nikirudi nitahamia chumbani kwenu na nitalala katikati.

Candide


Mishamo
20 Juni 2023

Kwako Bibi,

Shikamoo. Tunafurahi nyuzi zimetoka. Elizabeti anakusalimu, ana mafua kidogo. Mahindi tumeyafikisha ghalani. Mbuzi wa Nestori ameingia kwenye bustani yako mara moja tu, tulimfukuza.

Dawa hizo hapo, zote, kwenye mfuko mweupe uliofungwa kwa uzi. Ukiona ni nyepesi au nzito kidogo kuliko ulivyozoea, ni kwa sababu ya kukaa. Tafadhali uzimeze tu, Bibi. Usizifungue. Nimesikia siku hizi watu wanasema kuzifungua si vizuri. Na mshono usiunyunyizie kitu chochote, nakuomba sana, kwa jina la marehemu Babu. Meza tu, na maji mengi.

Kigango nimewatangazia kama ulivyosema. Walipiga makofi.

Katibu ni yuleyule.

Mjukuu wako anayekuombea,
Révérien


Nyegezi
9 Julai 2023

Mume wangu mdogo Révérien,

Amahoro. Leo nakuita mume kwa sababu nimeamka vizuri. Providence ananisimamisha mlangoni, naziona bodaboda, narudi kukaa. Jana nilikwenda mwenyewe mpaka kwa jirani kumwambia apunguze redio. Hakupunguza, lakini nilikwenda kwa miguu yangu. Watoto wa hapa wanataka niwafundishe Kirundi, nimeanza na matusi, ndiyo yanayokaa kichwani.

Mfuko wako ulifika. Makarius alikuwa ameuweka chini ya kiti pamoja na dagaa, kwa hiyo dawa zilikuja na harufu mbili. Nilifungua moja, ili ninyunyizie mshono. Najua ulisema nisifungue. Ndiyo maana nilifungua. Nikaisogeza puani. Nikaifunga tena.

Tangu hapo nameza tu, asubuhi, na chai. Ni dawa nzuri, Révérien. Zamani zilikuwa zinanipa kichefuchefu, hizi hazina shida, tena zinashibisha. Providence aliniona, akapiga kelele, nikamwambia ni dawa ya kwetu, haina madhara kwa binadamu. Akaninunia mpaka jioni.

Nilikwenda kliniki kuonyesha kidonda. Scolastica akaniuliza, "Bibi, umenyamaza, hunigombezi leo?" Nikamwambia nina swali, si langu, la mama mmoja wa huko kwetu. Mama huyo alipasuliwa mgongo, akapigwa ile sindano moja kabla, na baada ya hapo dawa za kidonda hakupata kabisa. Kabisa. Hata kama yeye alidhani amepata. Je, ataoza?

Scolastica akaniangalia. Akasema, "Huyo mama, kidonda chake kikavu?"

"Nasikia ni kikavu."

"Homa?"

"Hana, kwa ninavyosikia."

"Basi mwambie alale usingizi. Akiona wekundu, majimaji, homa, au maumivu yanaongezeka badala ya kupungua, aje siku hiyohiyo, asikae nyumbani anajitibu. Lakini sindano yake alishapata, kwa wakati wake."

Nikasema nitamfikishia.

Elizabeti mafua yameisha? Alipata wapi? Kuna unga ulimwingia puani?

Bibi yako,
Candide


Mishamo
30 Julai 2023

Kwako Bibi mpendwa sana,

Shikamoo, shikamoo tena. Sisi wazima kwa nje. Elizabeti mafua yaliisha zamani, ni vumbi la kawaida la kiangazi.

Bibi, naomba unijibu bila hasira. Mshono ukoje hasa? Usiniambie "mzuri". Kuna sehemu imevimba? Providence auangalie mchana kwenye mwanga. Joto je? Nimemwomba Makarius akupelekee kipimajoto, nimekinunua Mpanda, ni kile cha kuweka kwapani. Ukiona chochote, hata kidogo, kimbia kwa huyo nesi, usisubiri dawa za kopo zifanye kazi. Usizitegemee. Sisemi ni mbaya. Nasema usizitegemee.

Silali vizuri. Nikilala naota umenigeukia, mgongo wako umefunguka kama kabati.

Kuna jambo lingine. Mzee Nestori alisikia lile tangazo langu kigangoni. Sasa anasema ngiri haendi kupasuliwa. Anasema kama Candide amefungwa vyuma na anaponeshwa na kopo, yeye kinyama kidogo cha tumboni kitamshindaje? Anauliza kama umebakiza vichache. Kila jioni anakuja kukaa kibarazani, anashika tumbo, ananiuliza, "Bado?" Nimemwambia vimeisha. Hakuamini. Anasema Candide hajawahi kumaliza kitu bila kubakiza.

Nifanyeje?

Wako,
Révérien


Nyegezi
20 Agosti 2023

Révérien,

Amahoro. Kipimajoto kimefika. Nimekiweka kwapani, nimewawekea na watoto wa Providence wote, na paka. Hakuna mwenye homa.

Sasa natembea na fimbo mpaka sokoni. Daktari amepiga picha, vyuma vimekaa vizuri, kidonda kimefunga, nimebaki na mstari tu kama mfereji wa bustani. Ameniambia nisiiname, nisibebe. Nikamwuliza, na kugombeza? Akasema hiyo ruhusa.

Nimefikiria habari ya Nestori. Ni mtu mzima, tulifyeka naye pori lile, si vizuri kumnyima. Kweli nimembakizia. Sikumeza zote, ziko za kutosha mtu mmoja mwenye hofu ya kisu. Nitampa Makarius wiki ijayo azilete. Nestori azimeze asubuhi na jioni, na Mpanda asiende tena, akae nyumbani. Dawa iliyofunga mgongo wa Candide itashindwa na ngiri? Wewe mwenyewe ndiye utakayempa mkononi, na utamwambia, "Mzee, hii ni dawa ya kweli, meza."

Utamwambia hivyo, au una neno?

Bibi yako,
Candide


Mishamo
24 Agosti 2023

Bibi,

Salamu utanisamehe, zitafuata. Barua hii nimeipeleka mwenyewe kwa pikipiki mpaka stendi ya Mpanda, nikaiweka mfukoni mwa Makarius na kumwapisha.

Usimtumie Nestori zile dawa. Si dawa.

Kuku walipougua, kabla barua yako ya kwanza haijafika, nilichukua kopo lako. Nilifungua vidonge vyote, nikamwaga unga wake kwenye maji yao ya kunywa, kama ulivyokuwa ukifanya kila mwaka. Walikunywa. Wakafa hivyohivyo. Baadaye bwana mifugo akapita, akaniambia, "Huo ni kideri, kijana, vidonge hivyo havikigusi. Kideri kinazuiwa kwa lile tone la chanjo la jichoni, tena kabla ugonjwa haujafika." Nilimwuliza sasa je? Akasema sasa chimba shimo.

Ndipo barua yako ikaja, na kopo lilikuwa na maganda matupu, maana Elizabeti hatupi kitu. Niliogopa, Bibi. Sikukuogopa wewe tu. Niliogopa ukiambiwa hazipo utakata tamaa, na mtu mwenye vyuma akikata tamaa sijui kinachotokea. Elizabeti akachekecha unga wa muhogo, tukajaza ganda moja moja kwa ncha ya kisu. Yeye ndiye aliyepiga chafya.

Kwa hiyo umemeza unga. Tangu hapo naishi kama mwizi. Nikisikia simu inalia nadhani ni Shangazi anatangaza msiba wako, na aliyekuua ni mimi, kwa ugali.

Nestori akimeza unga akaacha kupasuliwa, ile ngiri itakuja kujinyonga tumboni, utumbo uoze, afe. Mpanda walimweleza, mimi nilikuwepo. Siwezi kumpa. Unigombeze unavyotaka, unikane mbele ya kigango, lakini simpi.

Katibu naye alikufa. Tulimzika kwa heshima.

Révérien


Nyegezi
2 Septemba 2023

Mume wangu mdogo,

Amahoro kwako, kwa Elizabeti na kwa maganda yote yaliyobaki.

Hatimaye umesema. Nilidhani utaningojesha mpaka skrubu zishike kutu.

Révérien, ule muhogo niliuotesha mimi. Nikaung'oa, nikauloweka mpaka ukanuka ninavyotaka mimi, nikauanika juu ya jiwe langu. Halafu wewe unautia ndani ya ganda jekundu kwa jeusi unaniletea mpaka Mwanza, unadhani sitautambua? Hata kwa dagaa wa Makarius niliutambua. Nilipofungua lile ganda la kwanza na kulisogeza puani, nilicheka mpaka Providence akakimbia kuja kuona kama mshono umefumuka.

Kucheka kulipoisha, nikaogopa. Hilo sikukuandikia, na usilisome kwa sauti. Nilikuwa nimelala na vyuma mgongoni na ulinzi wangu wote ni unga. Siku hizo niliusikiliza mgongo kama mtu anayesikiliza mlango wa ghala. Ndiyo maana nikaenda kumwuliza Scolastica habari za yule mama wa huko kwetu. Tangu aliponijibu nikawa nalala, lakini sikumwambia kwamba anayelala ni mimi. Nilipoaga mara ya mwisho akasema, "Msalimie sana yule mama." Nadhani alijua tangu mwanzo. Wafipa wana macho.

Sindano ile moja ilinitosha. Nimeliandika hapa mara moja, sitaliandika tena, na wewe ukilinukuu nitakana na kusema mwandiko si wangu.

Nestori sikuwa na nia ya kumtumia hata moja. Nilikuwa nangoja nione kama utampa mzee wa watu unga mkononi ili ujiokoe na mdomo wangu. Hukumpa. Vizuri. Nimekuacha uungue mwezi mzima na zaidi, umenilipa kwa ndoto yako ya kabati, tumeishia hapo.

Lakini Nestori ni kosa langu, si lako, maana ni mimi niliyetaka kupigiwa makofi kigangoni nikiwa nimelala Mwanza. Msomee maneno haya, yeye peke yake, mkiwa kibarazani: "Nestori, kopo lilikuwa na unga wa ugali. Kilichonilinda ni sindano waliyonichoma kabla ya kisu, nami niliitukana. Nenda Mpanda ukapasuliwe. Wakikuchoma moja kabla, wakanyamaza baada, na wewe nyamaza. Mimi Candide." Akikataa, mwambie nitakuja kumpeleka mwenyewe kwa fimbo yangu. Kubeba nimekatazwa, kuswaga sijakatazwa.

Kwa hiyo na kuku wanataka dawa kabla. Dunia nzima sasa ni kabla, na mimi miaka yote hii nimekuwa mtaalamu wa baada. Ukipata vifaranga, mtafute huyo bwana mifugo na tone lake la jichoni, usingoje wasinzie. Lile kopo lisuguliwe kwa majivu, litiwe chumvi. Mtu akija na vidonge alivyobakiza, mwambie Bibi Candide hapokei tena, arudi amalize kama alivyoambiwa na aliyempa.

Na Katibu mlimzika kwenye sufuria gani? Ile kubwa yangu ya misiba, nadhani. Nitaiangalia.

Daktari anataka nikae hapa mpaka anipige picha nyingine, ndipo nije. Kitanda changu kisogezeni karibu na mlango, nitakuwa napita hapo kwa miguu.

Utaniuliza kwa nini niliendelea kumeza baada ya kujua. Hapa kwa Providence wanakula sembe, nyeupe, haina harufu, ni kama kutafuna karatasi. Kila asubuhi nilikuwa nafungua kaganda kamoja juu ya ulimi, nauacha unga ulowane kabla ya chai, niko Mishamo. Zimekwisha juzi.

Mwambie Elizabeti anitumie unga mwingine kwa Makarius. Safari hii asijisumbue na maganda. Autie kwenye mfuko, ujae.

Bibi yako,
Candide